Majina kumi na moja: safari yangu ya Burundi wakati wa vita ya Kagera

Wakuu, habari za huko mliko.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu ndani kwa muda mrefu. Leo naandika, na yote nitakayoyasema yalinikuta mimi mwenyewe, nikiwa na akili zangu na baiskeli yangu. Posti hii nimeifuta mara tatu kabla ya kuirusha. Mkifika mwisho mtajua kwa nini.

Ilikuwa mwishoni mwa mwaka 1978. Vita ya Kagera ina wiki chache tu. Mimi nina miaka ishirini na sita, nimetoka chuo kikuu, nimepangiwa elimu ya watu wazima wilaya ya Ngara. Nilizaliwa upande wa Rulenge, kwa hiyo Kihangaza, kinachoelewana na Kirundi, ni lugha ya mama yangu.

Niwaambie ukweli kuhusu mimi wa wakati ule. Nilikuwa mtu wa wasiwasi kupita kiasi. Nikifunga mlango, narudi kuangalia kama nimefunga. Nikiandikiwa barua ya mistari mitatu, naisoma nikitafuta mstari wa nne. Na kila kitu nilikiandika kwenye daftari, kwa sababu niliogopa kusahau.

Kazi yenyewe ilinifaa. Vijiji vya ujamaa viliishi kwa orodha: orodha ya kaya, ya waliohudhuria darasa, ya watakaolima shamba la kijiji Jumatano. Ukifika mahali bila daftari, watu wanakuuliza kama kweli umetumwa.

Shikeni hilo la daftari.

Mdogo wangu Deo alikuwa amechumbia msichana wa Nyamiaga, anaitwa Consolata. Yeye na mama yake, Mama Rozalia, walikimbia Burundi mwaka 1972, wakati wa yale mauaji. Vijana wengi wa leo hawayajui. Kwa ufupi, watu walichukuliwa kwa maelfu na hawakurudi, na walioanza kutafutwa ni waliosoma: walimu, makarani, wanafunzi. Mume wa Mama Rozalia alikuwa karani. Alipakiwa kwenye gari pamoja na wenzake mchana kweupe. Mama Rozalia akamshika binti yake mkono, akavuka.

Kila kitu cha ndoa kilikuwa tayari. Padri alikuwa amekwisha kutangaza. Ndipo Deo, aliyekuwa mgambo, akaambiwa kikosi chao kitaondoka Jumamosi ya wiki inayofuata, kwenda Biharamulo kupanda malori ya mstari wa mbele. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Tulikuwa na siku nane za kufanya harusi.

Mama Rozalia akakataa.

Hakumkataa Deo, Deo alimpenda. Alikataa kwa sababu nyumba yake ilikuwa bado na matanga. Kwa desturi ya kwao, mtu akifariki ukoo unakaa matanga, halafu siku inafika watu wanakusanyika, inanywewa pombe, mkubwa wa ukoo anatamka kwamba yamekwisha. Wanaita kuganduka. Kabla ya hapo nyumba hiyo haiozi binti.

Yeye hakuwahi kuganduka. Miaka sita. Hata kwamba mumewe amefariki hakuna aliyemwambia.

Deo akaninong'oneza pale pale kwa mama mkwe, "Kaka, si umwambie tu kwamba amefariki? Wote tunajua."

Mama Rozalia alikuwa na masikio mazuri. "Wewe unajua. Nani wa nyumba yake amesema?"

Ilibidi mtu avuke mpaka, akalisikie neno hilo kwa ukoo wa mume.

Yeye hawezi kurudi kule. Consolata hawezi. Deo ni mgambo, akivuka mpaka wakati wa vita ni mtoro. Watu wakaanza kuniangalia mimi. Nikaanza kuhesabu moyoni sababu za kushindwa safari hiyo, nikafika kumi na mbili. Halafu nikamwangalia mdogo wangu. Alikuwa anakunja na kukunjua kofia yake ya mgambo, na sikuwahi kumwona akiogopa tangu tulipokuwa watoto.

Nikasema, "Nitakwenda."



Nikapata cheti cha njia ofisini, na mwenzangu wa safari, Sebastiani. Huyu alikuwa muuza dagaa wa makamo, kila wiki alivuka mpaka pale Kabanga na baiskeli yake kupeleka dagaa upande wa Muyinga. Alinitazama asubuhi ya Ijumaa nimevaa viatu vya ngozi, miwani, kalamu mbili mfukoni.

"Digrii, unakwenda kufunga ndoa wewe au mdogo wako?"

Nikamwambia nataka kuonekana mtu wa heshima.

"Vua miwani," akasema. "Kule miwani si heshima."

Nikadhani ni utani wa wauza dagaa. Nikacheka, nikabaki na miwani.

Wakuu, nimesafiri nchi kadhaa tangu hapo, sijaona tena nchi ya namna ile. Nzuri mno. Milima imepangana, migomba, ng'ombe wenye pembe ndefu. Sisi tulikuwa tumehamishiwa vijijini, nyumba zimesimama kwa mistari kama gwaride. Wao kila mlima una watu wake, kila mji, yaani makazi ya familia moja, umejificha ndani ya migomba yake.

Lakini baada ya muda macho yanaanza kuona. Unapita mji ambao ua umeanguka na migomba imegeuka msitu, na hakuna anayeutazama. Unapita shule yenye madarasa sita na mwalimu mmoja. Sokoni wamejaa wanawake, wazee na vijana wadogo. Wanaume wa umri wa kuwa walimu wangu nilianza kuwahesabu, nikaacha.

Na hakuna anayeuliza kitu. Kwetu ukisalimia mtu njiani atakuuliza unatoka wapi, mtoto wa nani, mvua imenyesha huko? Kule wanakusalimia vizuri, kwa adabu kabisa, halafu wanatazama magurudumu ya baiskeli mpaka upite.

Tulifika Jumamosi alasiri. Jina la mlima sitaliandika.

Ndugu wa mume wa Mama Rozalia tulimkuta yupo hai. Nitamwita Baba Mdogo, kwa sababu ndivyo alivyokuwa kwa Consolata. Mtu mfupi, mikono mikubwa. Tulipotaja jina la binti alishika nguzo ya nyumba. Mkewe alitoka nje na unga bado mikononi. Majirani wakaanza kusogea, watu kumi hivi, wanataka habari. Wanawake wawili walikuwa wanalia na kucheka kwa pamoja. Tukapewa viti.

Nikasema moyoni, mbona rahisi.

Nikaeleza shida yetu. Nikaeleza vizuri, kwa mpangilio, kama nilivyofundishwa. Halafu nikatoa daftari, nikafungua ukurasa mpya, nikachora mstari kwa rula, nikauliza:

"Sasa naomba majina ya waliofariki, mmoja mmoja."

Nilikuwa nimeinamisha kichwa naandika tarehe. Nilipoinua, ua ulikuwa umebaki nusu.

Hakuna aliyekimbia. Mmoja alikumbuka ng'ombe wake. Mwingine aliniaga kwa mikono miwili, kwa heshima, akaondoka. Mke wa Baba Mdogo aliingiza watoto ndani, akafunga mlango taratibu sana. Baba Mdogo peke yake alibaki amekaa, uso umekuwa kama wa mtu ambaye hatujaonana.

"Hapa hakuna aliyefariki," akasema. "Umepotea njia."

Sebastiani alinivuta mkono hadi kwenye migomba. Sijawahi kutukanwa hivyo na mtu mzima.

"Digrii, wewe kusoma kwako kote hukusoma hilo? Mwaka ule walikuja hivyo hivyo! Mtu ana viatu, ana miwani, anafungua daftari, anasema naomba majina. Aliyetajwa hakulala kwake!"

Nikavua miwani.  

Tulilala kwa rafiki wa Sebastiani mlima wa pili. Ninyi mnaojua wasiwasi mtaelewa hali yangu. Nikarudia tukio lile kichwani mara mia. Sebastiani alinishauri turudi. "Umejaribu. Mwambie mama wa watu umejaribu."

Asubuhi nikamwambia yeye aende na dagaa zake, mimi narudi pale. Nilishangaa mwenyewe. Nadhani kila kitu nilichokuwa nakiogopa kilikuwa kimekwisha kutokea, sikubakiwa na kingine.

Nikaenda peku. Baba Mdogo alikuwa anapukuchua mahindi uani, mkewe ana moto jikoni. Nikasalimia, sikukaa. Nikaenda moja kwa moja kwenye mafiga, nikaweka daftari motoni. Lote. Lilikuwa na kazi yangu ya miezi mitano, madarasa yote ya Ngara. Yule mama alitazama kurasa zikijikunja, akachukua kijiti akazichokoa ziungue vizuri.

Nikasema, "Mimi huandika kwa sababu naogopa kusahau."

Baba Mdogo akaendelea na mahindi. Kisha akasema, "Kaka yangu alikuwa anaandika. Alikuwa na mwandiko mzuri, watu wanamletea barua zao. Dada yetu mdogo alikuwa anasomea ualimu. Mimi nilikataa shule, nikachunga ng'ombe. Baba alinichapa sana kwa hilo." Akatupa gunzi. "Ndiyo maana unaongea na mimi."

Akanielekeza kiti.

Siku ile niliambiwa kilichowazuia. Waliochukuliwa walihesabiwa wasaliti, na msaliti haliliwi. Kuganduka kunataka watu wakusanyike na pombe iwepo. Wakikusanyika, mkuu wa mlima, kama mwenyekiti wa kijiji kwetu, atauliza hii pombe ni ya nini. Kwa hiyo hata wao wenyewe, pale pale nyumbani, walikuwa na matanga miaka sita. Hakuna aliyekuwa ametamka.

Nikaanza kufikiri. Kwa mara ya kwanza maishani kufikiri kwangu kupita kiasi kulinisaidia.

Nikamwambia, "Mimi ni kaka wa bwana harusi. Nimekuja kumwomba binti wa nyumba hii kwa baba yake mdogo. Pombe ya kuposa inakatazwa?"

Akanitazama. Mkewe ndiye aliyejibu, kutoka jikoni. "Haikatazwi."

"Na nikiombwa kusema nimekuja kufanya nini, sitasema uongo hata neno moja."

Ndizi zilikuwa zimekwisha kuiva. Wakakamua siku hiyo hiyo. Jumanne mchana pombe ikawa tayari.

Walikuja watu kama thelathini, na mkuu wa mlima akaja, akapewa kiti cha mbele. Alikuwa mwanamume mnene mwenye koti, hakucheka. Nikasimama nikaomba binti kwa Kihangaza changu, wakacheka lafudhi yangu. Mzee mmoja akasema, "Hawa wa Tanzania wanaposa kama wanaomba mkopo wa jembe!" Nikaanza kupumua.

Kule chungu kinawekwa katikati, watu wanakunywa kwa mirija. Baba Mdogo akaleta fungu la mirija, akawagawia wakubwa, akampa mkuu wa mlima, akanipa mimi. Bado alikuwa na mirija mkononi.

Akachomeka mmoja kwenye chungu, mbele ya nafasi tupu. Akataja jina la kaka yake.

Watu wakaacha kunywa.

Akachomeka wa pili. Akataja jina. Wa tatu.

Mkuu wa mlima akauliza, "Hiyo mirija ni ya nani? Mbona hawanywi?"

Mrija mkononi mwa Baba Mdogo ulikuwa unagonga ukingo wa chungu. Akasema, "Ni watu wa nyumba hii. Binti yao anaolewa."

Mkuu wa mlima akachomoa mrija wake. Nikajua tumekwisha. Nilifikiria Deo, cheti changu cha njia, mama yangu Rulenge. Yule mtu akainuka, akashika kiti chake, akakivuta nyuma hatua mbili.

"Chungu ni kidogo," akawaambia waliokuwa karibu. "Wapisheni."

Watu wote wakavuta viti nyuma.

Baba Mdogo akachomeka mirija kumi na mmoja, majina kumi na moja, kila jina likisimama peke yake. Wa mwisho ulikuwa wa yule dada aliyesomea ualimu. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida tu, "Hawa wamefariki. Tumeganduka. Mke wa kaka na aoze binti yake."

Nikasikia watu wakivuta pumzi kama waliotoka majini. Hakukuwa na kilio. Baada ya muda mtu akaomba viti visogezwe tena, wakanywa.

Jumatano alfajiri akanisindikiza barabarani, Sebastiani akinisubiri. Akanipa mrija wa kaka yake, ule ule aliokuwa akinywea enzi zake, umefungwa kwenye jani la mgomba. Akaniambia nipeleke majina yote kwa mdomo. "Usiyaandike. Hata ukifika kwenu. Siku mtu wa nyumba hii atakapotaka kuyaandika, atayaandika yeye."

Mtu anayeogopa kusahau, bila daftari, majina kumi na moja, siku mbili za baiskeli!

Nikayaweka kwenye vidole. Kidole gumba cha kulia, kaka mtu. Na kuendelea. Vidole vikaisha, jina moja likabaki. Nikaliweka kwenye kengele ya baiskeli. Njia nzima nataja vidole kumi, kisha napiga kengele. Sebastiani alivumilia mpaka Kabanga. "Digrii, ukipiga tena hiyo kengele nakutosa mtoni na vyeti vyako."

Alhamisi jioni tuko Nyamiaga. Baiskeli nikaiegemeza ukutani nje. Mama Rozalia ameketi chini kwenye mkeka, Consolata pembeni yake, Deo mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Sema."

Nikampa mrija. Aliutambua kabla ya kufungua jani. Nikasema maneno ya Baba Mdogo kama alivyoyasema, kisha nikaanza majina. Alikuwa anaitikia kila moja kwa kichwa. Nikafika kidole cha mwisho cha kushoto, nikanyamaza. Nilijisikia mwepesi. Nimemaliza.

Mama Rozalia akainua uso. Ulikuwa umebadilika, na ilinichukua muda kuelewa kilichoingia humo.

"Umetaja kumi," akasema. "Basi wifi yangu mdogo yupo hai?"

Ilikuwa furaha. Ile ilikuwa furaha, wakuu.

Nikageuka, nikaona baiskeli kupitia mlangoni, na kengele.

Nilitaka kuacha hivyo hivyo. Sitadanganya. Nilifikiri, nani atajua? Mpaka umefungwa kwake, atakufa na wifi yake yupo hai mahali fulani anafundisha watoto. Lakini nilikumbuka mrija ule ukigonga chungu mkononi mwa Baba Mdogo. Yeye alitamka mbele ya mkuu wa mlima. Mimi nilikuwa naogopa macho ya mama mmoja.

Nikasema, "Mama, niliisahau kengele." Halafu nikataja jina la kumi na moja.

Alilirudia lile jina kwa sauti, mara moja. Consolata alimshika bega. Mwishowe akasema, "Asante kwa kutoniachia tumaini la bure." Akaomba wembe.

Asubuhi Consolata alimnyoa mama yake nywele zote uani, kama desturi yao inavyotaka. Mchana wake wakafunga ndoa. Jumamosi Deo akaondoka na kikosi kwenda Biharamulo. Alirudi mwaka uliofuata akichechemea, na anachechemea mpaka leo, na ukimuuliza vita atakuambia kuhusu harusi.

Kazini nilipata barua kali kwa kupoteza kumbukumbu za madarasa. Nilipoulizwa daftari liko wapi nilisema liliungua, na hilo ni kweli.

Majina nimeyabeba kichwani tangu siku ile. Nimeyataja kila Jumapili njiani kwenda kanisani, vidole kumi na kengele. Sikuyaandika hata mara moja, hata nilipougua na kudhani nitayapeleka kaburini.

Mwezi uliopita Consolata alikuja kwangu. Ni bibi sasa, na Mama Rozalia alishatangulia. Alikuwa na daftari jipya na kalamu. Akakaa, akalifungua magotini.

"Shemeji, taja."

Nikamuuliza kama ana hakika.

"Mimi ni mtu wa nyumba hii," akasema. "Taja."

Nikataja. Aliandika polepole, kwa mwandiko mzuri sana, nadhani wa baba yake. Nilipomaliza jina la kumi nikakwama kidogo, uzee huu.

Akaniangalia juu ya miwani yake. "Nikupigie kengele?"

Tulicheka mpaka machozi yakaja, na yalipokuja hatukuyazuia. Kisha nikamwambia la kumi na moja, akaliandika, akafunga daftari, akaenda nalo. Humu sitayaweka, ni yake.

Nilichojifunza ni hiki. Niliingia nchi ya watu na wema wangu, daftari langu, adabu yangu ya ofisini, na vyote hivyo vilikuwa sura ya kile kilichowaua. Ukienda mahali palipopita jambo kama lile, usidhani nia yako njema inaonekana usoni. Kaa kwanza. Mwenyeji ndiye atakayekuambia ufanye nini na mikono yako.

Wenye wazazi au babu waliotoka kule, au waliopita Ngara miaka ile, karibuni mseme. Na kama mzee wako bado yupo na hajawahi kukuambia majina ya watu wake, nenda ukakae naye. Kalamu iache mfukoni mpaka aiombe.